Fundi Anajibu: Nani Alijenga Nusu ya Juu ya Ngome ya Yesu?

Katika toleo lililopita nilizigusia ngome za pwani kwa aya moja tu, na barua zikamiminika. Safari hii nimeziacha kando barua za vigae na mabomba, na ukurasa wote nimeupa mawe. Aliyezaliwa Kibokoni, akakua akimsaidia baba yake kuchoma chokaa, hawezi kuulizwa habari za ngome ile akajibu kwa mstari mmoja.

Shikamoo Fundi. Mimi ni mwanafunzi wa uashi, mwaka wa pili, hapa Mombasa. Tulipelekwa Fort Jesus kutazama kazi ya mawe, tukaambiwa ngome yote ni kazi ya Wareno. Lakini nilipousimamia ukuta wa upande wa mji niliona chini na juu havifanani: mawe ni mengine, unene ni mwingine. Je, macho yangu yamenidanganya?

Marahaba, mwanangu. Macho yako ni mazima.

Ngome ilianza kujengwa mwaka 1593, na kufikia 1596 ilikuwa inatumika. Mchoro ulitolewa na Giovanni Battista Cairati, Mtaliano wa Milano aliyekuwa msanifu mkuu wa Wareno huko India. Waashi waliletwa kutoka India, na mfalme wa Malindi akatoa watu wa kazi. Hayo kila mtu huyataja. Yasiyotajwa ni kwamba Wareno waliikalia ngome kwa takriban miaka mia moja tu. Machi 1696 Waomani wa Imamu Saif bin Sultan waliizingira, na Desemba 1698 wakaiingia. Tangu hapo, ukiondoa kipindi kifupi cha 1728 na 1729 Wareno waliporudi, ngome ilikuwa ya Waomani, kisha ya ukoo wa Mazrui uliotawala Mombasa, hadi 1837. Karne ya 18 karibu yote ni yao, na walijenga.

Ukitaka kuusoma ukuta, anzia chini. Chini kabisa si ukuta bali jabali. Cairati aliiweka ngome juu ya mwamba wa matumbawe unaotazama mlango wa bandari, na upande wa bara mwamba huo ukachongwa kuwa handaki. Ukisimama ndani ya handaki unaona uso wa jabali lenyewe, na mawe ya kujengwa yanaanzia juu yake, kiasi kwamba mahali pengine inabidi upapase kwa mkono ndipo ujue mwamba umeishia wapi. Juu ya hapo ndipo penye ukuta wa Kireno: mnene, umelala kidogo kwa nyuma, na haukukusudiwa uwe mrefu. Enzi ile ukuta mrefu ulikuwa shabaha nzuri kwa mizinga. Mfupi na mnene, wenye kifusi cha kutosha nyuma yake, humeza pigo.

Halafu tazama juu. Hapo ukuta umepandishwa. Sehemu hiyo ni nyembamba zaidi, ina matundu membamba ya bunduki, na kwenye buruji, yaani zile pembe za ngome zilizotokeza nje, viliongezwa vinara vya walinzi. Hiyo ndiyo kazi ya baada ya 1698. Kabla yake Wareno wenyewe walishafanya matengenezo makubwa miaka ya 1630, na maandishi yaliyo juu ya lango, yanayotaja mwaka 1635, yanashuhudia, kwa hiyo usitegemee kuona mstari mmoja safi unaotenganisha zama mbili. Utaona viraka juu ya viraka. Lakini umbo la juu, lile linaloipa ngome sura yake ukiitazama kutoka baharini, kwa kiasi kikubwa ni la Waarabu na la mafundi wa pwani hii.

Kwa nini waliupandisha? Nitakupa hoja yangu, nawe uipime. Hesabu mara ambazo ngome ile ilibadili mikono. Mwaka 1631 Yusuf bin Hasan, sultani wa Mombasa aliyekuwa amebatizwa jina la Dom Jerónimo, aliingia kwa amani siku ya sikukuu, akamuua kamanda humo ndani. Mwaka 1698 njaa na maradhi yalikuwa yamewamaliza walinzi, Waomani wakapanda ukuta usiku. Mwaka 1728 askari waliomo ndani walikuwa wamegombana wao kwa wao. Mwaka 1746 wajumbe wa Oman walimuua liwali Muhammad bin Uthman al-Mazrui, kisha ndugu yake Ali bin Uthman akairudisha ngome kwa msaada wa watu wa mji. Mwaka 1837 Seyyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar, aliipata kwa mapatano na kwa kutumia mgawanyiko wa Mazrui wenyewe. Katika yote hayo hakuna hata mara moja ambapo mizinga ilitoboa ukuta, adui akaingilia tundu hilo. Aliyeikalia Mombasa karne ya 18 alikuwa na sababu ya kuogopa ngazi, bunduki na watu wa karibu kuliko mizinga mikubwa ya meli. Kwa mtu mwenye hofu ya namna hiyo, ukuta mrefu wenye matundu ya bunduki ni ujenzi wa akili. Wanaosema Waomani waliharibu mchoro wa Cairati hawajajiuliza nani alikuwa anamtishia nani.

Mkirudi tena, mwombe mwalimu wenu awapeleke kwenye ukumbi wa Mazrui. Utaona mabaraza ya mawe kandokando ya kuta na maandishi ya Kiarabu yaliyochongwa kwenye boriti. Hapo watawala walikaa kusikiliza watu. Na juu ya buruji la San Filipe ipo nyumba iliyojengwa mwishoni mwa karne ya 18, ile inayoitwa Nyumba ya Waomani. Fikiria uzito wa uamuzi huo: buruji ni jukwaa la mizinga, kila hatua yake ilipimwa ili mzinga ugeuke na urudi nyuma unapopiga, na mtu akajenga nyumba ya kuishi papo hapo. Mimi naona ndipo ngome ilipogeuka kuwa makao ya ukoo unaotawala mji na kuutazama mji kila asubuhi.

Jambo la kazi, kwa kuwa wewe ni mwanafunzi: pima upana wa vyumba vya nyumba ile, halafu upime vyumba vya nyumba za zamani za Mji wa Kale. Utakuta ni vyembamba na virefu. Boriti ya mkoko ndiyo inayoamua. Fito za mikoko zinazobeba dari ya mawe na chokaa haziwezi kuvuka mbali. Ukizidi mita mbili na nusu au karibu tatu, dari inaanza kulegea. Chumba kinaweza kurefuka upendavyo, lakini upana wake umeshaamuliwa na msitu wa mikoko.

Fundi, salaam. Ninatembeza wageni ngomeni. Kila siku nawaambia ngome ina umbo la mwanadamu aliyelala, kichwa kikielekea baharini. Wanafurahi, wanapiga picha. Lakini mgeni mmoja mhandisi alinibishia, akasema hayo ni mapambo ya maneno tu. Nimjibu nini?

Waalaikum salaam. Endelea kuwaambia, maana ukiitazama kutoka juu umbo hilo lipo kweli: kichwa, mikono, miguu. Wasanifu wa Italia wa zama zile walipenda kupima majengo kwa mwili wa mtu. Ila usiishie hapo. Muoneshe mhandisi wako kile ambacho mikono na miguu inafanya.

Mpeleke upande wa bara, asimame kati ya San Filipe na San Alberto. Zile buruji mbili zinatazamana, na kila moja ina kona iliyoingia ndani upande unaoelekea mwenzake. Ndani ya kona hiyo mzinga unajificha. Adui aliye mbele hauoni wala hawezi kuupiga kwa urahisi. Lakini akiteremka handakini na kuufikia ukuta wa kati, mzinga huo unampiga kwa ubavuni, sambamba na ukuta, na mwenzake wa upande wa pili unamalizia. Hapo ndipo penye siri yote ya ngome za namna hii.

Mnara wa duara, hata uwe mzuri vipi, huacha mbele yake kipande cha ardhi ambacho mlinzi aliye juu hakioni bila kuinama na kujianika. Mtu anaweza kukaa hapo akachimba msingi taratibu. Kona kali za buruji zinafuta kipande hicho, kwa sababu kila uso wa ukuta unaonwa na mlinzi aliye kwenye uso mwingine. Ndiyo maana mistari imechongoka vile, na ndiyo maana ukitembea nje ya ngome unahisi kila unapogeuka kuna ukuta unaokutazama.

Upande wa bahari mambo ni tofauti. Huko Cairati alitegemea mwamba na maji, na akatokeza sehemu iliyosogea mbele kuelekea baharini. Wapitishe pia kwenye njia ya matao, ile iliyochongwa ndani ya mwamba kushuka hadi pwani, ambayo vitu na watu waliweza kupandia kutoka kwenye vyombo. Wageni wengi huipita haraka kwa sababu ina giza. Simamisha kundi, waache wapapase alama za patasi ukutani.

Bwana Fundi, mimi ni mama wa Unguja, Malindi. Ngome Kongwe yetu na ya Mombasa zote zilikuwa za Waomani, na zote tunaambiwa za wakati mmoja. Mbona hazifanani hata kidogo?

Bi mkubwa, swali lako ni zuri sana, kwa sababu Ngome Kongwe ndiyo inayotuonesha Waomani walijenga vipi walipoanza kwa mchoro wao wenyewe.

Mombasa walirithi mifupa ya Mtaliano. Unguja walianza mara tu baada ya kuwaondoa Wareno mwishoni mwa karne ya 17, mahali palipokuwa na kanisa la Kireno, na mabaki ya majengo hayo ya zamani bado yamo ndani. Walichojenga ni uwanja uliozungushiwa kuta ndefu za mawe ya matumbawe, zenye meno juu, na minara ya duara. Hakuna kona kali wala buruji za kutazamana. Ni ujenzi wa nyumbani kwao. Ukienda Nizwa, Oman, unakuta mnara mkubwa wa duara wa karne ya 17, ambao sehemu yake ya chini imeshindiliwa udongo na mawe ili uhimili mizinga ya juu. Walijua vizuri ngome za Kireno, kwani waliwatoa Wareno Muscat mwaka 1650 wakazikalia ngome zao mbili, Al Jalali na Al Mirani. Kwa hiyo hawakukosa maarifa ya buruji. Unguja walitaka kambi ya askari wa kulinda gati na mji, na kwa mwaka 1710 inatajwa kuwa na askari 50 tu. Kwa idadi hiyo, ukuta wa mraba wenye minara unatosha. Buruji nne za Cairati zingewameza.

Wengi hupita mbele yake jioni wakienda Forodhani kula bila kuinua macho. Wewe siku moja simama chini ya mnara mmoja, uangalie jinsi mawe madogo yasiyochongwa yalivyopangwa kwa mviringo bila kukatika. Ni kazi ngumu, na haisifiwi inavyostahili.

Fundi, watu wa ndani ya Ngome ya Yesu walipata wapi maji miaka yote ile ya kuzingirwa?

Kwa mvua. Wareno walijenga birika la wazi la kukusanyia maji ya mvua. Baadaye Waarabu walichimba kisima cha futi 76, yaani karibu mita 23, kikapasua mwamba wote. Maji yakapatikana, lakini yana chumvi, yakafaa kuogea na kufulia tu. Huo ndio udhaifu wa kujenga juu ya kipande cha matumbawe kilichozungukwa na bahari: jiwe linalokupa ukuta bure linakunyima maji matamu.

Katika mazingiro ya 1696 hadi 1698 maradhi na njaa viliua kuliko risasi. Ningependa wasomaji wakumbuke pia kwamba maofisa wa Kireno walipokwisha kufa mwaka 1697, aliyeishika ngome hadi msaada ulipofika alikuwa Bwana Daud wa Faza, pamoja na watu wake wa pwani. Jina lake linastahili kutajwa kila tunapolitaja la Cairati.

Mimi ni msomaji wa Dar es Salaam. Je, huko Ulaya karne ya 18 nao walikuwa wanapandisha kuta, au walifanya kinyume?

Kinyume kabisa. Chukua Fort George kule Uskochi, juu ya ulimi wa ardhi unaoingia baharini karibu na Inverness. Ilianza kujengwa mwaka 1748, miaka miwili baada ya vita vya Culloden, ambako jeshi la serikali liliwashinda waasi, kwa mchoro wa mhandisi wa jeshi William Skinner, ikamalizika 1769 kwa zaidi ya pauni 200,000. Mtu akiijia kutoka bara haoni ukuta mrefu hata mmoja. Anaona mteremko wa majani unaopanda polepole, na ghafla handaki pana liko miguuni pake. Kuta ni fupi na nene mno, zimejazwa udongo, vyumba vya kujihifadhia askari viko chini ya kuba nzito, na ghala la baruti limejengwa lisipasuliwe na bomu. Kona za buruji ni zilezile za Cairati, zimekuzwa tu. Haikushambuliwa hata siku moja.

Skinner alijenga kwa hazina ya serikali, akiwaza jeshi lenye mizinga mizito litakalokaa nje kwa majuma. Liwali wa Mazrui alijenga kwa mapato ya mji mmoja, akiwaza Muscat, majirani zake na watu wa nyumbani mwake. Mimi siwezi kusema huyu alijua ujenzi na yule hakujua. Kila mmoja alimjengea adui wake.

Je, ngome yetu iliwahi kupigwa na mizinga ya kisasa?

Ndiyo. Januari 1875 manowari mbili za Kiingereza, Nassau na Rifleman, ziliipiga mizinga kwa sababu akida Muhammad bin Abdalla alikuwa amemwasi Sultani wa Zanzibar. Alisalimu amri siku hiyohiyo.

Fundi, nina nyumba ya urithi Mji wa Kale, ya mawe. Lipu inabanduka kila mwaka chini ya dirisha. Fundi niliyempata anataka kuikwangua yote na kupiga saruji, anasema hata ngomeni wangekuwa na saruji wangeitumia. Unasemaje?

Msimamishe leo. Nakusihi.

Jiwe la matumbawe limejaa vitundu. Linanywa maji kutoka ardhini, kutoka mvuani na kutoka kwenye upepo wa bahari, na maji hayo yana chumvi. Lipu ya chokaa huyaacha yatoke, ukuta ukapumua ukakauka. Saruji huyafungia ndani. Maji yakikosa njia, chumvi hugeuka chembe ngumu nyuma ya lipu, zinavimba, zinasaga jiwe lenyewe. Baada ya misimu michache saruji inaanguka kama bamba, na inaondoka na uso wa ukuta wa babu yako. Lipu ya chokaa ikibanduka umepoteza lipu, na lipu hupigwa tena. Jiwe halirudi.

Baba yangu alipanga magogo kwa duara, akaweka matumbawe juu, akawasha, kisha chokaa ikaachwa mvua ziinyeshee kwa miezi kabla ya kuguswa. Hakuwa mvivu. Chokaa ambayo haijaiva ina punje mbichi zinazopasuka ndani ya lipu baada ya kazi kwisha, na kila punje inaacha shimo.

Wewe fanya hivi. Kwanza tafuta maji yanatoka wapi. Kama lipu inabanduka mahali pamoja kila mwaka, chini ya dirisha lilelile, kizingiti cha dirisha kinavuja au mteremko wake unarudi ndani. Kikwanguliwe kile kilicholegea tu. Mchanga uwe wa shambani au uoshwe mpaka usiwe na chumvi, sehemu tatu kwa moja ya chokaa iliyoiva. Loweshea ukuta kwanza, piga matabaka membamba, kila tabaka lisubiriwe lishike, na funika kwa magunia mabichi jua lisilikaushe haraka. Kabla ya yote hayo pita ofisi ya uhifadhi ya Mji wa Kale, kwa sababu nyumba yako imo ndani ya eneo lao na wanawajua mafundi wa chokaa walio hai. Yule wa saruji mlipe siku yake, umshukuru, aende.